Nyanya alikataa kushuka kutoka juu ya ndoo ya vilipuzi hadi nilipotaja nguruwe

Wakuu, salaam. Wanaonijua humu hawaniamini hata nikisema bahari ina chumvi, ila hili la Takaungu ni kweli tupu. Nyanya yangu ni shahidi, na bado amenuna.

Likizo hii nilikuwa kwake. Ami yangu aliokota ndoo ya plastiki ufuoni, imefungwa ndi ndi ndi. Nyanya akaipenda papo hapo, akaifanya kigoda cha kupikia mbaazi na mahamri ya kuuza. Makaa hapa, ndoo pale, nyanya juu.

Asubuhi moja nimeinama nimwibie hamri, nikaona stika ubavuni mwa ndoo. Umbo la almasi, rangi ya chungwa, imeandikwa 1.4.

Kwa mliolala kipindi cha kemia: bidhaa hatari zina madaraja tisa. Gesi daraja la pili, petroli la tatu, asidi la nane. La kwanza ni vilipuzi. Humo, 1.1 ndiyo mbaya zaidi, yote hulipuka kwa mpigo mmoja. 1.4 ina afadhali. (Kama darasani kwetu, wa mkiani hana madhara. Mimi sina madhara kabisa.)

Lakini aliyeandika hiyo afadhali hakumfikiria nyanya wa mtu kando ya moto, ndani ya banda la makuti.

"Nyanya, shuka! Hiyo ni baruti!"

"Juzi ulisema kuku wangu ana mimba ya bata. Nenda zako."

"Wallahi, nyanya!"

"Usimtaje Mungu kwa upuuzi wako. Nina wateja mie."

Akaongeza makaa. Cheche zikaruka, moyo ukanishuka hadi kwenye kandambili. Nikaona huyu bibi naye ana madaraja yake ya hatari, na baruti haimo.

"Haya, kaa. Ila ilikuwa ya mafuta ya nguruwe."

Wakuu, magoti yale mabovu yaliruka!

Nikamwagia makaa maji, tukatoka, ami akaita polisi. Tukiwangoja, nilikuwa nafua dera la nyanya mara saba, moja kwa mchanga, kutoa najisi ya nguruwe, sheria ni sheria.

Waliokuja wakasema ni fataki na moshi wa kuombea msaada melini. Zingeshika moto, banda lingekwenda na aliyemo.

Nyanya akashusha pumzi. "Alhamdulillahi! Nami nikadhani nguruwe."

Nilichojifunza: ukiona almasi hiyo usifungue, usibebe, usikalie. Ita wenyewe. Na ukiwa mtani, usimalize uongo wako wote kwa kuku.

Nyinyi kwenu mwakalia nini? Inukeni muangalie ubavuni, kisha mniambie.