Gololi ya Tatu ni ya Kioko

Leo nimecheza mchezo kwa mara ya kwanza tangu nilipostaafu ualimu, na nimeshindwa mbele ya madereva.

Mama Mwende ameleta mashine mpya katika hoteli yake hapa Mtito Andei. Unarusha gololi ya chuma, kisha unaizuia isianguke kwa vibao viwili. Kwenye kioo wamechorwa wale wapiga gitaa wa zamani wenye nywele ndefu, ambao ndugu yangu Kioko alibandika picha yao kwenye lori lake.

Nilimwambia mara nyingi kwamba ni aibu.

Tulimzika mwezi uliopita. Sikulia.

"Mwalimu, kuja! Si hawa ni watu wa Kioko?" akaniita Mutua, dereva mwenzake.

Gololi ya kwanza ikapita katikati ya vibao. Ya pili vivyo hivyo.

"Mwalimu amepata sufuri!" Wakacheka.

Kisha wimbo wa bendi ile ukaanza kutoka kwenye mashine. Nilisimama nikingoja machozi. Hayakuja.

Nilipotaka kurusha ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho, Mutua akanishika mkono.

"Hiyo tumwachie mwenyewe."

Hakuna aliyeigusa. Nilikunywa chai yangu hadi ikaisha, na gololi ilikuwa pale pale, taa zikiwaka.

Ninyi mliofiwa, niambieni: kilio huja lini?