Kipande cha Mwisho cha Kibua

"Kaka, njoo ule kwanza. Ukishakula, kataa."

Mdogo wangu aliniambia hivyo akiwa mlangoni mwa chumba chetu pale Bertrams, Johannesburg, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akiwahi kazini. Nilikuwa nimeshakataa tangu jana yake, tena kwa sauti ambayo majirani wa upande wa pili wa ukuta wa mbao waliisikia vizuri.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Ilikuwa mwaka uliofuata ule wa Kombe la Dunia la hapa Afrika Kusini. Mdogo wangu alikuwa amemaliza matriki, mtihani wa mwisho wa sekondari, amefaulu, na chuo kimoja cha mjini kilikuwa kimempa nafasi ya kusomea uhasibu. Habari ile niliitangaza kwa kila muuzaji aliyepanga bidhaa karibu na renki ya teksi, kituo cha daladala za huku, hata kwa watu ambao hatukuwa na lugha ya pamoja. Yeye akaja na neno lake. Hataki uhasibu. Anataka kubaki kwenye mgahawa mdogo wa Wajapani alikokuwa akiosha vyombo Jumamosi na siku za likizo, afundishwe kazi ya samaki na wali na mzee mwenyewe mwenye mgahawa.

"Samaki wapo hata Tanga," nilimwambia. "Nisingekuvusha mipaka yote ile."

Mimi ndiye mkubwa. Baba alitangulia, mama akafuata nikiwa kidato cha pili, na wiki ile ile nilivua sare ya shule, nikaikunja, sikuivaa tena. Nilibaki na msichana ambaye hata meno ya utoto alikuwa hajamaliza kung'oa. Nilibeba mizigo sokoni, kisha nikawafuata watu wa mtaani kwetu waliokuwa Johannesburg, nikamwacha yeye kwa shangazi. Nilipopata pa kuweka meza ya mikanda na mikoba nikamleta, nikamtia shule. Tangu siku hiyo nilikuwa na neno moja tu kichwani: huyu atasoma mpaka mwisho. Mvua ya mawe ikipiga turubai, polisi wa jiji wakitufukuza barabarani, neno lilikuwa lile lile, na asubuhi nilipanga tena mikanda yangu.

Lakini ombi lake la kwenda kula mgahawani nililifikiria. Mama alituachia adabu chache, na mojawapo ni kwamba mtu akikualika chakula huwezi kumkatalia bila kuketi. Mama alikuwa akikaanga vibua barazani na kuuzia mtaa mzima, na alikuwa mkali kwa mambo ya sahani. Mgeni hamalizi, alituambia. Anabakiza kipande, kwa ajili ya walioko jikoni, maana hao ndio wanaokula mwisho. Mtu anayefuta sahani mpaka inang'aa alimwita jina ambalo siwezi kuliandika hapa.

Jumamosi ile nilivaa shati langu la Idi, nikapita kwanza mezani kwangu kumwomba mama mmoja Mkongomani, jirani yangu wa biashara anayeuza vitenge, aniangalizie vitu.

"Leo sikukuu gani, papa?" aliniuliza.

"Naenda kula kwa Wajapani."

"Ile samaki ya mubichi?"

"Hiyo hiyo."

Aliwageukia wenzake. "Basikie. Kule kwabo makala ya kupikia imekwisha." Akanirudia mimi na uso wa msiba. "Enda salama, papa. Ukikufa, hii meza nabakia nayo miye."

"Bakia nayo," nilimwambia, "lakini mikanda ya ngozi usichanganye na ya plastiki."

Mgahawa ulikuwa chini ya kilima cha mtaa wa Observatory, kati ya saluni na duka la vipuri vya magari. Mtu akipita na gari anaupita bila kuuona. Mlangoni kulikuwa na kitambaa kilichoning'inia, huwezi kuingia bila kuinamisha kichwa, na nilipoinamisha nikajikuta nimeshasalimia kabla sijamwona mtu. Ndani palikuwa na viti vichache virefu mbele ya kaunta ya mbao nyeupe, safi kama ubao wa kukunia nazi uliotoka kuoshwa. Nyuma ya kaunta alisimama mzee, mfupi, kitambaa kichwani. Mkewe alikuwa kwa ndani. Binti yao, wa makamo yangu hivi, ndiye aliyenipokea. Alikulia Johannesburg hii hii na alikuwa akisema eish, ule mguno wa watu wa huku, kuliko Mzulu. Wazazi wake Kiingereza chao kilikuwa kidogo, kwa hiyo mazungumzo yote yalipita kwake, naye akiniambia mimi kwa Kiingereza.

Walikuwa wamefungua mapema kwa ajili yangu. Hakukuwa na mteja mwingine.

Mdogo wangu hakuja kukaa nami. Alikuwa kwa nyuma, amevaa aproni nyeupe, mama Mjapani akigeuza wali kwenye beseni la mbao na yeye akiupepea upoe. Nikatazama kile alichokuwa akipepea nacho. Kilikuwa kipepeo chetu cha ukindu, cha kuchochea jiko, nilichokitafuta wiki nzima chini ya vitanda. Kilikuwa kimesuguliwa mpaka kimepauka.

"Kumbe mwizi ni wewe," nilimwambia kwa Kiswahili.

"Vyao vilivunjika, kaka. Hiki mama wa hapa amekipenda. Nitakununulia kingine, sawa, sharp?"

Binti aliniletea kitambaa cha maji moto cha kunawia mikono. Kabla sijauliza nilichotaka kuuliza, alinieleza: mdogo wako ametuambia yote. Wali wako umechanganywa na siki ya mchele, sukari na chumvi, basi. Hakuna pombe humu. Na ile sosi nyeusi, kwa kuwa ina tone la pombe, baba hatakupa, atakupa chumvi na ndimu.

Ndimu ile ilinipunguza ukali kidogo. Lakini niliukumbuka mpango wangu. Nilikuja na maneno yangu tayari: chakula chenu kizuri, mzee, ahsanteni kwa kumtunza, ila huyu ana chuo.

Mbele yangu palikuwa na vijiti. Niliviangalia. Mzee aliona ninavyoviangalia, akainua mkono wake mtupu, akakusanya vidole, akavipeleka mdomoni. Kwa mkono, basi. Hapo nilikuwa nyumbani.

Alianza na samaki mweupe, mwembamba kiasi kwamba ungeweza kuona wali kwa chini, akamkamulia ndimu. Niliweka mdomoni nikasubiri shombo. Haikuja. Wali ulikuwa wa uvuguvugu, kama kitu kilichotoka kwenye kiganja cha mtu, na ndiko ulikotoka. Akanipa ngisi. Akanipa jodari mwekundu kama nyama ya bega. Kila kipande alikitengeneza nikimtazama, akakiweka, akarudisha mikono yake nyuma, akasubiri mpaka nitafune. Hakuna aliyewahi kunisubiri hivyo nikitafuna. Mimi chakula changu nimezoea kukila nimesimama, jicho moja kwenye mikoba.

Nilisema moyoni, kizuri, lakini chuo ni chuo.

Kisha mdogo wangu akatoka nyuma na kisinia, akakiweka karibu na mzee bila kunitazama, akarudi kwenye wali wake. Mzee alichukua kipande kimoja kutoka humo, akakiweka mbele yangu. Samaki huyu alikuwa na mgongo wa bluu unaong'aa. Binti akasema hicho ndicho cha mwisho.

Aliposema cha mwisho, mama yangu ndiye aliyenijibia. Nilisema alhamdulillahi, nimeshiba, nikakisogeza kile kisahani mbele kidogo, taratibu, kwa heshima zote.

Kipepeo kikasimama.

Mzee alikitazama kisahani, akanitazama mimi, akainamisha kichwa kidogo, akaanza kufuta kisu chake. Mkewe akasema neno moja la Kijapani kwa sauti ya chini. Mdogo wangu alikiweka kipepeo juu ya beseni na kuingia jikoni.

"Sawa," alisema binti. "Baba ameelewa."

"Ameelewa nini?"

"Kwamba umekataa."

Nilimwambia sijakataa kitu, sijasema hata neno. Naye alinieleza polepole, akichagua maneno ili asinivunjie heshima. Baba yake hamfundishi mtu aliyekuja mwenyewe tu. Yeye alipoanza kazi alipelekwa na wazazi wake, wakamkabidhi, na anaona ndivyo inavyopaswa kuwa. Alipoambiwa kwamba huyu msichana hana wazazi, akauliza: nani amemlea? Akaambiwa kaka yake. Akasema, basi kaka yake aje ale. Vipande vyote vilikuwa vya mzee, isipokuwa kile cha mwisho. Kile alikitengeneza mdogo wangu, tangu kumtia samaki chumvi, na ndicho cha kwanza cha mkono wake kuvuka kaunta ile.

"Na wewe umekirudisha," alisema binti.

Nilihisi joto likinipanda masikioni. Nilimwita mdogo wangu, siyo kwa ukali wa juzi. Alitoka akiwa ameshika pindo la aproni, macho mekundu, kidevu juu. Kidevu kile namjua nacho tangu shangazi akimchana nywele.

"Hukukionja hata," alisema. "Ungeonja, halafu ukatae. Ndivyo tulivyopatana."

"Sikukikataa."

"Umekisukuma, kaka. Nimeona."

"Nimekibakiza. Mgeni hamalizi sahani. Hujui hilo?"

"Huku hakuna hiyo. Huku ukiacha ni kama umemtemea mtu."

"Sasa mimi ningejuaje? Nimebakiza kwa ajili ya walioko jikoni. Na jikoni uko wewe." Nilipoona bado ananitazama, niliongeza: "Nimekuachia wewe, kama siku zote."

Aliachia pindo la aproni. Nadhani hapo ndipo alipoziona zile sahani zetu za Bertrams, ugali na kipande cha mwisho cha nyama au samaki, mimi nikijipapasa tumbo nikisema, "Nimeshiba, ukisikia nalala njaa ujue ni uvivu wangu." Alikuwa akivila vile vipande tangu mdogo bila kuuliza.

"Kaka," alisema, sasa kwa sauti yake ya kawaida, "mimi nimekuwa mkubwa. Hicho ni chako."

Binti alikuwa akituangalia kama mtu anayesubiri robot, taa ya barabarani, ibadilike rangi. Mdogo wangu akamweleza kwa Kiingereza, binti akamweleza baba yake, na mama Mjapani akasogea kusikiliza, akaweka mkono mdomoni. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema kitu, akasogea pembeni mwa kaunta, akaacha nafasi mtu mmoja aweze kusimama.

"Anasema wali wa hicho umeshakauka," alitafsiri binti. "Anataka atengeneze kingine. Hapa, mbele yako."

Mdogo wangu alinawa mikono na kusimama pale. Nilijua anaogopa kwa sababu alikuwa mtulivu mno. Akamtoa yule samaki, na hapo ndipo nilipomtambua. Alikuwa kibua. Labda wa bahari nyingine, mnene kuliko wetu, lakini kibua, samaki wa mama, samaki aliyetuvalisha sare. Alimgusa kwa mgongo wa kidole cha shahada, mara moja, kabla ya kumkata. Mama alikuwa akiwagusa vivyo hivyo, ajue nyama imekaa au imelegea, na alipokufa mtoto huyu alikuwa hajafikia urefu wa meza ya samaki. Basi alijifunza kwa kunitazama mimi. Siku zile za Tanga nilipokuwa nikichagua samaki wa kitoweo, alikuwa amening'inia kwenye shati langu akitazama, nami sikujua kwamba nafundisha.

Aliweka kipande mbele yangu na kurudisha mikono nyuma, kama mzee.

Nilikila chote. Siki kwanza, kisha chumvi, kisha ule utamu wa mafuta ya kibua unaobaki kwenye ulimi. Mzee aliuliza, binti akatafsiri: kikoje?

"Kitamu," nilisema. "Lakini chumvi imemzidi kidogo."

Mdogo wangu alifumba macho. Mzee alipotafsiriwa alicheka, mara ya kwanza tangu niingie, akampiga mwanafunzi wake kofi dogo la bega.

"Ndicho baba alichomwambia asubuhi," alisema binti. "Neno kwa neno."

"Wewe nawe, kaka," alisema mdogo wangu. "Hata leo?"

"Hasa leo. Unataka nikusifie kama mgeni?"

Kisha nikasimama, maana jambo lile halisemwi mtu ameketi. Maneno niliyokuja nayo niliyaacha yalale. Nilimwambia mzee kwamba baba na mama yetu hawapo, kwa hiyo nasema mimi. Huyu ni mdogo wangu. Ni mbishi, ni mwizi wa vipepeo, na akianza kitu haachi. Nakukabidhi. Nikamgeukia yeye, nikamwambia kwa Kiswahili ili libaki letu: "Chuo nitawaambia mwenyewe. Lakini hapa usome mpaka mwisho. Mimi niliishia katikati, inatosha mmoja."

"Mpaka mwisho," alisema.

Mzee aliinama, safari hii mpaka nikaona kisogo chake, nami nikainama nisijue kiasi gani kinatosha.

Mama Mjapani alikuja kuondoa vyombo. Kile kipande cha kwanza, kilichokauka, kilikuwa bado kwenye kisahani chake, naye akanyoosha mkono kukichukua. Nilimwonyesha kwa kiganja asubiri. Nikaketi tena, nikakitia mdomoni, mdogo wangu akisema mbona unakula kikavu, kaka, nitakutengenezea kingine. Wali ulikuwa mgumu pembeni. Nilitafuna taratibu, wote wakinisubiri.

Niliporudi mjini mchana ule, yule mama wa vitenge alinipapasa mkono kuhakikisha ni mzima.

"Ulikula?"

"Nilikula."

"Na ulibakisha, kama kwenu?"

"Leo hata punje," nilimwambia, nikaanza kumsimulia ni mkono wa nani uliomkata yule samaki. Wateja wawili walisimama kuulizia mikanda. Wao pia niliwasimulia.