Kolone ya Équivalence

Kavuo Kahongya wa Vulamba alirudi toka Kampala na diploma ya kilimo na kichwa kigumu. Akaomba kufundisha mu chuo kimoja cha Butembo. Tshibangu, secrétaire académique, akapindua ile diploma kama muhogo uliooza.

«Mama, bila équivalence, kibali ya serikali ya kukubali diploma, karatasi ya inje ni ya kufungia karanga.»

Bureau nzima ikacheka. Lakini syllabus yake, masomo ya magonjwa ya kahawa aliyoleta pamoja na diploma, hawakumurudishia. Tshibangu aliitia mu Kifaransa, akaweka jina yake juu, akafundisha nayo myaka ine. Hata picha ya baba ya Kavuo ilibakia mu ukurasa wa kumi na mbili, amesimama na kofia mu shamba yake ya Kalunguta.

Mwingine angelia. Kavuo alituma dossier Kinshasa kwa shangazi wake Nadège, mwanamuke ambaye akikaa ku mulango ya bureau, bureau ndiyo inachoka. Équivalence ikatoka. Kavuo akaificha, akangoja.

Kisha serikali ikaagiza programme zote ziandikwe upya, mu semestres na crédits. Tshibangu hakujua crédit ingine kuliko ya simu. Akapanda pikipiki mpaka Vulamba.

«Dada yangu, wewe ulisoma hii mambo. Utuandikie maquette, ile programme mupya. Jina yako, tutaona mbele.»

«Wasingya, asante, patron. Jina hapana kitu.»

Akaandika programme muzima: masomo, saa, balimu. Mwishoni akaongeza kolone ya numéro ya équivalence, na chini yake sheria: mwalimu wa diploma ya inje asiye na numéro atakuwa assistant tu, chini ya mwenye numéro. Tshibangu alipima uzito wa karatasi na mukono, akapiga cachet, muhuri ya chuo, akasaini. Kuiba kulimusahaulisha kusoma.

Siku ya conseil, kikao ya wakubwa ya chuo, Kavuo alialikwa kueleza crédits. Mama Kapinga, mukaguzi aliyetoka Beni, alisoma ile programme mustari kwa mustari mpaka jina ya Tshibangu, diploma ya Bujumbura.

«Numéro yako, Bwana Secrétaire?»

«Dossier iko njiani.»

«Tangu mwaka gani?»

Tshibangu akaanza kupindua makaratasi yake.

«Sheria umeisaini mwenyewe. Basi, kahawa itafundishwa na nani?»

Kavuo akatoa équivalence yake mu sakoshi, polepole, batu baone.

Juma iliyofuata, mu shamba ya chuo, mvua ikinyesha, alimupa assistant wake jembe.

«Mikono mbili, patron. Na mugongo chini.»

Banafunzi bakaandika ile mu makaye.