Shemeji Aliyesema Sitavuna Sasa Ananiita

Barua hii imetufikia kwa mkono kutoka Jimbo la Magharibi. Mwandishi ameomba jina lake na la kijiji chake yafichwe, nasi tumeyaficha. Wasomaji, mjibuni kwa upole.

Ndugu zangu, mimi ni mjane wa miaka thelathini na miwili, nina mabinti wawili. Naishi mwendo wa nusu siku kutoka Tabora mjini, kando ya njia ya zamani waliyopita wapagazi kwenda Ujiji. Nilibatizwa miaka minne iliyopita pamoja na mume wangu. Yeye alikuwa mrina asali. Mwaka jana alianguka kutoka mtini akavunjika kiuno, siku ya tatu akafariki.

Matanga yalipokwisha, kaka yake mkubwa akaja. Nikampa shikamoo, nikamwekea kigoda.

"Shemeji," akasema, "hamia kwangu. Utakuwa mke wa tatu."

"Nakuheshimu, shemeji, lakini nimebatizwa. Siwezi."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alisimama akautazama mtama wangu, akasema taratibu, "Basi huu hutauvuna. Wala hao watoto hawataula."

Juma lile lile nilikuta kuku mweusi asiye na kichwa kwenye njia ya kisimani. Halafu, asubuhi moja, nilikuta kitambaa kimefungwa kwenye mpini wa jembe langu. Nilikitambua. Kilikuwa kipande cha shuka tuliyomzikia mume wangu. Mpaka leo sijui alikipata lini. Binti yangu mdogo akashikwa na homa. Wanawake kisimani wakawa wakiniona wanajitwika mitungi iliyojaa nusu na kuondoka.

Mama yangu mzazi akaniletea hirizi. "Vaa, mwanangu. Mungu wako yuko mbali, shemeji yako yuko hapo ng'ambo ya bonde."

Nikavaa. Naungama mbele yenu: majuma matatu nilikwenda kanisani nayo chini ya nguo. Woga haukupungua. Nilimwaga ugali niliosonga kwa mkono wangu mwenyewe, nikidhani umetiwa kitu. Watoto wakashinda njaa. Siku moja nikampakulia binti yangu mkubwa, akakikodolea macho chakula, akauliza, "Mama, na hiki kina sumu?"

Neno lile lilinichoma. Kesho yake nikaenda kwa mwalimu wa kanisa letu, mzee mmoja mpole, nikaiweka ile hirizi mezani pake. Hakunikaripia.

"Unaogopa nini hasa?"

"Kufa, mwalimu."

"Ukifa utakuwa mikononi mwa nani?"

"Mwa Mungu."

"Basi ndimo ulimo hata sasa."

Hakuniahidi kwamba sitakufa. Tuliichoma hirizi, tukaomba. Siku zote nilikuwa nazunguka porini ili nisipite kwa shemeji. Siku ile nilipita mbele ya boma lake mchana kweupe, nikimwita Yesu kimoyomoyo. Nikamwamkia. Hakuitikia. Nilipofika bondeni nikagundua sigeuki tena kutazama nyuma. Tangu hapo nakula, nalala, na mtoto alipona. Mtama ndege waliula sana, lakini tuliuvuna.

Sasa sikieni. Jumapili iliyopita mke mdogo wa shemeji alikuja mbio, anahema. "Mzee ameanguka. Upande mmoja umekufa, mdomo umepinda. Anakutaja wewe tu. Anasema uje umfungue."

Ndugu zake wamekusanyika pale bomani. Wanasema nimemrudishia uchawi wake. Nikienda, akafia mikononi mwangu, sitatoka mzima. Nisipoenda, watasema ndiyo ushahidi, watanifuata. Mama ananisihi nitorokee Tabora na watoto. Mwalimu yuko safarini, hatarudi upesi.

Mimi sijamfunga mtu yeyote. Ila nakumbuka jinsi woga unavyomtafuna mtu, na shemeji amelala pale anaogopa kuliko nilivyoogopa mimi. Nataka nimwoshe uso, nimwambie nimemsamehe, nimwombee. Je, hii ni imani, au nawaponza wanangu waliobakiwa na mzazi mmoja?

Nyinyi mlioamini kabla yangu, niambieni kweli yote, hata kama inauma. Najua gazeti huchukua majuma kutufikia. Mabinti nimeshawapeleka kwa mama, na maji ya kumwoshea yako motoni. Ikiwa ushauri wenu utanikuta nimeshakwenda, niombeeni.