Risasi ya Tano

Mwenye duka la dawa za mifugo pale Kikima hupima kila kitu mara mbili. Akimhudumia mkulima, huinua bomba la sindano kwenye mwanga, hufinya jicho, hulishusha, kisha huliinua tena. Hivyo ndivyo alivyolenga shabaha katika klabu yetu kwa miaka tisa, kwa bunduki yake ya zamani ya kuvuta bolti, kile chuma cha kupakia, kila baada ya risasi. Jumamosi alikuja na mpya, ile inayojipakia yenyewe. Alipofyatua ya kwanza, mkono wake wa kulia ulienda kutafuta bolti na haukukuta kitu. Akacheka kidogo. Kisha akapiga tatu mfululizo, na mimi msimamizi wa uwanja nikaona mabega yake yakilegea kwa raha ambayo sikuwahi kuiona kwake. Hapo leso nyekundu ikachomoza juu ya tuta la udongo la kuzuia risasi, nyuma ya shabaha. Mama mmoja alikuwa anafuata mbuzi wake.

“Ngoja, mzee,” nikasema.

Kidole chake kilikuwa kimeshatoka kwenye kifyatulio, risasi ya tano ikiwa tayari ndani. Aliilaza bunduki, akaitoa risasi hiyo, akamfuata yule mama kwa macho hadi alipopotea bondeni. Jasho lilikuwa limemlowesha shingo.

“Ile ya zamani ilikuwa inanipa muda wa kuangalia, Munyao,” akaniambia polepole. “Hii haingoji mtu.”

Akazitoa risasi zote zilizosalia, akazipanga mezani, akarudisha moja tu. Alasiri nzima alipiga hivyo, na baada ya kila mlio aliinua macho, akalitazama tuta lote.