Kivuli Kisichoshika Nyumba

Saa tatu asubuhi hapa Keumbu, na jua la Machi limeshakuwa kali kama la mchana. Gulled Abdikarim amepiga magoti nyuma ya nyumba ya mwalimu Nehemiah Onsongo, anafungua fundo la kamba ya katani. Anaongea na hiyo kamba kwa sauti ya chini, kama mtu anayekamua ng'ombe mgeni.

Kwa kiti cha kukunja, mzee Onsongo, baba ya mwalimu, anamtazama. Anamtazama kwa jicho la kulia, ambalo mwezi wa kwanza halikuona hata kidole chake mwenyewe.

"Fundi, hiyo si ngozi ya mbuzi. Usivute hivyo," mzee anasema.

"Ndiyo, omogaka, mzee wangu," Gulled anajibu, na analegeza mkono.

Gulled ana miaka thelathini na sita. Alizaliwa Kisii mjini, nyuma ya maduka. Baba yake Msomali alikuja na ng'ombe wa biashara, akauza ng'ombe, akabaki. Wakati wa vita vya pili vya dunia Gulled alishona mahema ya jeshi kule Nanyuki. Alirudi na sindano tatu kubwa, kipande cha ngozi cha kukinga kiganja, na tabia ya kutazama miti kila saa ajue upepo unatoka wapi.

Karibu mwaka mzima anatia viraka turubai za malori. Lakini kiangazi kikianza, watu wanamwita awawekee kivuli nyuma ya nyumba. Kuna wenye harusi, kuna wenye wageni, kuna matajiri wa mjini wanaotaka kunywa chai nje kama wazungu. Kukodi turubai moja ni shilingi kumi kwa mwezi.

"Haitajirishi mtu," anasema. "Lakini mke wangu Hawo ananisaidia kushona, watoto wanne wanakula, na hakuna siku tumelala njaa. Mimi nashukuru tu."

Kazi hii ya mzee Onsongo, lakini, haikuwa ya chai. Mwishoni mwa Januari mwalimu Nehemiah alifika kwa Gulled na baiskeli, shati limelowa jasho. Baba yake ametolewa mtoto wa jicho. Daktari amesema kwa wiki sita asipigwe na jua, asikae kwa moshi, na kila siku ya tatu arudi Kisii abadilishwe bandeji. Akikaidi, jicho limekwisha.

Kwake mzee ni Kenyenya, mbali sana kwa safari kama hizo. Sasa akae wapi?

Msomaji wa mbali atasema, si aingie tu kwa mtoto wake? Haiwezekani. Kwa Wakisii, mtoto akishaoa, baba haingii tena nyumba yake. Ni heshima kati ya mzee na mke wa mtoto, wanaiita chinsoni, na haijali kama mtu ni mgonjwa. Usiku mzee angelala kwa jirani, Manasseh. Lakini mchana kwa Manasseh kunapikwa, na moshi unajaa mpaka kwa paa.

Basi Gulled akachukua vipande vitatu vya kitambaa akaja navyo Keumbu. Alimketisha mzee kwa jua, bandeji kwa jicho moja, akamfunika kichwa kwa kila kimoja, akimuuliza jicho lile lingine linaona nini.

Cha kwanza kilikuwa marekani nyeupe ya pamba. Ni nyepesi na ni rahisi, lakini mzee alisema anaona jua lote, ni kama amevaa kanzu kichwani. Cha pili kilikuwa turubai ya lori, nzito, imepakwa mafuta. Mzee alikohoa, akauliza kama anataka kutibiwa ama kusafirishwa na mahindi. Cha tatu kilikuwa turubai ya kijani ya hema la jeshi. Hapo akasema, "Hii ni giza ya mgomba." Wakachagua hiyo.

Siku nzima Gulled akatazama kivuli. Alisimamisha fito, na kila saa akaweka jiwe pale ncha ya kivuli inafika, ajue jua la saa nane litaingia upande gani. Jioni akafunga. Kwa sababu upepo wa pale unashuka kilimani kwa nguvu, alifunga upande mmoja kwa boriti ya nyumba ya Nehemiah, chini ya mabati. Hakuna nguzo inashinda nyumba, ndivyo alifundishwa jeshini.

Asubuhi yake alirudi kuangalia kazi. Alimkuta mzee amekaa nje kabisa, juani, blanketi kwa kichwa. Gulled akafikiri hajapenda kitambaa. Akamuuliza. Mzee akasema kitambaa ni kizuri. Akamuuliza kama pananuka. Hapananuki. Nehemiah alikuwa ameenda shuleni.

Ni Bonareri, mke wa Nehemiah, aliyemtoa gizani. Aliongea kutoka jikoni, uso ameuelekeza kwa sufuria.

"Fundi, umeunganisha paa. Hiyo sasa ni nyumba yangu. Ataingiaje?"

Gulled anasema alihisi aibu mpaka masikioni. "Nimezaliwa hapa Kisii, naongea Ekegusii, nakula kwao, na hilo sikulijua. Mzee alikuwa tayari kupoteza jicho kuliko kuniambia nimekosea, kwa sababu mimi ni mgeni nimekuja kusaidia."

Alifungua kamba saa hiyo hiyo. Alivuta turubai hatua nane kutoka ukutani, akasimamisha nguzo nne. Ikabaki shida ya upepo, maana ule udongo ni wa shamba, laini, kigingi kinatoka kama jino la mtoto. Basi akachimba mashimo manne, kila moja linafika kiunoni. Kwa kila shimo akazika gogo limelala, kamba imezungushwa katikati, akajaza mawe, akakanyaga yeye na Manasseh mpaka jioni. Mzee alihamia chini ya turubai kabla udongo haujamalizwa kukanyagwa.

Halafu ikaja Jumamosi moja ya mwisho wa Februari. Watu wametoka kanisani, maana wengi hapa ni Wasabato, wamekula. Saa nane mbingu ikawa nyeusi, na mvua ya mawe ikaanguka. Nehemiah anakumbuka akimwomba baba yake akimbie ndani, akisema leo Mungu atasamehe. Mzee alikataa, akasema aache kelele. Basi Nehemiah akaingia chini ya turubai naye. Bonareri alibaki mlangoni akiomba kwa sauti.

Mjini, Gulled alisikia mabati yakipigwa. Alipanda baiskeli, akapanda milima yote kwenye matope. Kamba ya katani ikilowa inakaza mpaka inavunja nguzo, na alikuwa hajawaonyesha namna ya kuilegeza. Njiani aliona migomba imelala kama imefyekwa.

Alikuta nguzo moja imevunjika na turubai imebonyea, imebeba barafu kama gunia. Lakini magogo manne hayakuwa yamesogea. Chini yake mwalimu alikuwa amesimama, ameinua turubai kwa kichwa na mikono, na mzee alikuwa amekaa kati ya miguu yake. Bandeji ilikuwa kavu.

"Sijakaa karibu na mtoto wangu namna hiyo tangu aende shule," mzee Onsongo anasema. "Namshukuru huyu fundi. Jicho ni shukrani moja, hiyo ni ya pili."

Wiki sita zimeisha. Juzi daktari alitoa bandeji ya mwisho. Mzee aliporudi hakutaka kupumzika. Alizunguka turubai yote, akagusa kila kamba, akasimama kwa ile ya mashariki na kusema fundo limefungwa ovyo. Lilikuwa ovyo kweli. Gulled alicheka mpaka akafuta macho.

Sasa turubai imeshuka. Gulled na Manasseh wanaikunja, na Gulled anachukua jembe afukue magogo, kwa sababu gogo zuri la mti mgumu si rahisi kupata. Mzee anamwambia aweke jembe chini, magogo yakae.

Jicho la kushoto limepangiwa siku. Ni Januari.

Gulled anasema mpaka hapo yeye na Hawo watakuwa wameshona turubai nyingine, pana zaidi, ya kukaa watu wawili bila mmoja kusimama.