Arobaini Yangu na Bibi wa Dukani

Shoga zangu, leo nimelizwa na bibi nisiyemjua hata jina.

Mwanangu ana siku tisa tu. Lakini mshona kofia siku asiyoshona hapiki, na mume wangu yuko vitani.

Basi nikambeba mtoto, nikaenda dukani kwa tajiri anayenipa kofia za kushona, pale karibu na soko la Marikiti.

Nikamwomba, "Bwana, karani wako aliugua mwezi mzima na mshahara ukampa. Nami nipe cha kunivusha arobaini ya uzazi."

Akacheka. "Karani nimemwajiri. Wewe wajifanyia kazi mwenyewe. Nani akulipe ukizaa?"

Nikaokota furushi langu la kofia niondoke.

Mara mama yake, ajuza wa Kihindi, akatoka nyuma ya pazia. Nikadhani anakuja kunifukuza!

Akamgeukia mwanawe. "Ulipozaliwa wewe, siku ya saba nilikuwa kwenye cherehani. Mgongo huu wauma hadi leo."

Kisha akanipokonya lile furushi la kofia ambazo sijazimaliza.

"Hizi nitashona mimi. Ujira wake ni wako. Nenda kalale, mwanangu."

Mwanangu! Tangu mama afariki sijaitwa hivyo.

Nimerudi Mji wa Kale, nikalala mchana kweupe, mtoto kifuani. Ila hakuna wa kunikanda kwa maji ya moto, wala wa kunikorogea uji wa pilipili manga. Nikawa nasikiliza mlango, kana kwamba mama ataingia.

Nyinyi wenzangu, arobaini yenu mlilelewa na nani? Nihadithieni. Nataka kusikia tu.